Mzeituni wa Mpakani

Waingereza wana kitu wanachokiita mlima. Binti yangu Mwende, ambaye kazi yake ni kutunza wazee wa watu huko kaskazini mwa nchi yao, alinipeleka kukiona mwaka aliponikatia tiketi nikamtembelee. Tuliondoka asubuhi kwa gari, tukaliegesha mahali palipotengenezwa maalumu kwa magari ya watu wanaokuja kupanda, nikavishwa buti za kuazima na koti la mvua, nikapewa fimbo mbili kama mgonjwa. Halafu nikaonyeshwa kichuguu. Kilikuwa na nyasi, kondoo, ukuta wa mawe ambao sikuelewa unamzuia nani, na vibao vya kuelekeza, kana kwamba mtu anaweza kupotea akitafuta upande wa juu.

Watu ndio walionishangaza zaidi. Watu wazima wenye pensheni zao, jasho linawatoka, wanapanda. Nilimuuliza Mwende huko juu kuna nini. "Hakuna kitu, Baba. Unafika, unaangalia, unashuka." Kuna shamba? Hakuna. Kuna mtu wao amezikwa? Hakuna. Basi wanaenda kuomba? "Baba, wanatembea tu." Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye mbwa akanisalimu, akidhani nimefurahia mandhari.

Katikati ya njia kifua kilinibana. Kulikuwa na benchi, maana hata benchi wameweka, nikaketi. Kondoo walikuwa wamepita hapo muda si mrefu, na harufu ya samadi iliyolowa ikanipanda puani. Mwende akanifunga vizuri kola ya koti. "Wewe pumzika hapa, Baba. Mimi nitafika juu nikuangalizie, nirudi nikuambie."

Hakujua amesema nini. Akaenda, koti lake jekundu likapotelea nyuma ya bega la kilima, na mimi nikabaki na ile harufu. Kazi aliyojipa yeye kwa hiari yake niliwahi kuagizwa mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye kilima kingine cha kudharauliwa kama hicho. Aliyekuwa ameketi akihema siku hiyo ni baba yangu. Mwende alirudi baada ya nusu saa na picha arobaini, hata za mawingu. Nilizitazama zote, moja moja.

Nyinyi mliokulia Eastlands ya Nairobi miaka ya tisini hamhitaji kuelezwa chumba chetu cha mtaa wa Baba Dogo. Kilikuwa kimoja, pazia katikati, upande huu kitanda cha wazazi, upande ule jiko, vyombo na mimi. Nyuma yetu kulikuwa na viwanda vidogo vidogo, na jioni ungejua upepo unatoka upande gani kwa kunusa tu: rangi, sabuni, ngozi. Baba alirudi na harufu yake mwenyewe, vumbi la mbao na rangi nyeusi ya viatu. Alikuwa mchonga vinyago. Kibanda chao kilikuwa karibu na soko la Gikomba, wanaume kama thelathini wa kutoka Ukambani wameketi chini, tezo mkononi, wakitoa twiga na tembo ndani ya magogo kutwa nzima. Mbao ya bei rahisi ikishasuguliwa kwa msasa ilipakwa rangi ya viatu na kung'arishwa kwa kitambaa, na mtalii akaambiwa ni mpingo. Wenzangu walikuwa na baba makarani, madereva, watu wa reli wenye sare na vifungo vya shaba. Baba yangu mimi alipaka tembo rangi ya viatu. Nilianza kumdharau mapema, na nilimdharau kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona darasani.

Na juu ya hayo yote, alikuwa na kilima.

Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, alipanda basi la Machakos, akashuka njiani mahali pasipo na kituo, akatembea saa nzima kwenye vumbi, akapanda kilima, akaangalia upande wa pili, akarudi. Kilima chenyewe kwa Kikamba kiliitwa Kiima, yaani kilima. Hata jina hakikupewa. Alirudi jioni magoti yamejaa mbegu za nyasi, mama akamuuliza, "Vipi?" naye akajibu, "Bado." Basi. Siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya neno moja.

Mama ndiye aliyenieleza, siku moja akichagua mawe kwenye muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Miaka kadhaa nyuma, mbao zilipoadimika pale kibandani, baba alikwenda kwao wakati babu hayupo, akakata mzeituni wa porini uliokuwa ukingoni mwa shamba. Mti mgumu, wa zamani, wenye mistari ya kupendeza ndani. Alifikiri anakata mti, kumbe anakata mpaka. Wazee wale hawakuwa na karatasi wala mawe ya serikali. Shamba la babu liliishia kwenye mzeituni ule kwa sababu baba yake alimwambia linaishia hapo, na jirani naye aliambiwa hivyo hivyo na baba yake. Ni mchonga vinyago tu ambaye angesimama mbele ya shahidi kama huyo akaona mbao. Msimu uliofuata jirani alilima akaingia hatua mbili, na alipoulizwa akasema, nionyesheni mti. Ukoo ukaketi. Babu alipoteza zile hatua mbili mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao akatamka neno lake: mwanawe asivuke kilima kile mpaka kisiki kichipue tena na mti umzidi yeye kimo, akiwa amesimama wima. Kwa bahati mbaya alikuwa mzee mrefu.

"Na mti ulienda wapi?" nilimuuliza mama.

"Tembo," alisema. "Wakaenda Ulaya."

Nilimuuliza kwa nini baba asimwandikie shangazi Ndinda, dada yake aliyekuwa akikaa na babu, amuulize tu kama mti umekua. Mama alitupa kijiwe mlangoni. "Babako hawezi kuuliza. Na babu yako hawezi kutuma mtu. Ni gogo moja lilipasuliwa."

Mimi nilikuwa na jina la yule mzee. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba, kwa hiyo mimi pia ni Mutua, na baba aliniita "mzee" tangu ninanyonya. Niliona aibu akiniita hivyo mbele ya wenzangu. Hasa mbele ya Odhis, mtoto wa mtu wa reli, rafiki yangu mkubwa na ulimi wake mkali.

"Niaje, mtoi wa mganga," Odhis alinianza Jumamosi moja pale uwanjani. "Buda yako ameenda tena kwa kamlima?"

"Ameenda kuangalia mti."

"Mti?"

"Mti wetu."

"Si hata hapa kuna mti." Akaonyesha mkalitusi nyuma ya kiwanda cha sabuni. "Kwani huu uko na makosa gani?"

Wenzetu wakaanguka kwa kicheko. Siku hizo kila mtu alikuwa na habari za waabudu shetani; ilisemekana wako kila mahali, na kwamba ukijiunga nao unapewa nyoka wa kutapika pesa. Odhis akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti, kwamba watu wanaopanda milima peke yao wanaenda kumlisha huyo nyoka. Akanitazama kaptula. "Lakini venye nyinyi bado mnakaa chumba moja, hiyo nyoka yenu ni mgonjwa."

Nilicheka pamoja nao. Hilo nalikumbuka kuliko maneno yenyewe: nilicheka kwa nguvu kuwapita, ili ionekane niko upande wao.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Miaka hiyo watu walikuwa wakipunguzwa kazini. Ungeamka asubuhi ukute pikapu mbele ya mlango wa jirani, kitanda kimefungwa kamba, jiko limepakiwa juu ya magodoro, watoto wameketi juu ya mizigo wakitutazama kama watu wanaopelekwa jela. Wanarudi kwao, tuliambiwa, na hatukuwaona tena. Nilimsikia baba akikohoa usiku na nikapiga hesabu zangu za kitoto. Siku mti utakapokua, babu atasema njoo, na pikapu itasimama mbele ya mlango wetu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijipangia mwenyewe, nikaamini, na nikaanza kukichukia kile kisiki kama mtu.

Kifua cha baba kilikuwa kimejaa vumbi la miaka. Macho nayo yalikuwa yameanza kumwacha, yanatoa machozi ovyo, na kitu kilichokuwa mbali alikiona kama kimetumbukizwa kwenye maziwa. Mwezi mmoja alirudi hakufika juu. Mwezi uliofuata, Jumamosi alfajiri, alinigusa mguu nikiwa nimelala.

"Mzee, amka. Macho yako ni mapya. Leo utanisaidia kuona."

Saa tisa siku hiyo tulikuwa na mechi na vijana wa mtaa wa Fedha. Walikuwa na jezi na viatu, na mimi nilikuwa winga wa kulia. Nililia nikivaa, kwa siri, uso ndani ya fulana.

Njia nzima nilitembea hatua kumi nyuma yake. Mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoujua, na alitembea kwa mafungu: anakwenda, anasimama kana kwamba kuna kitu ameona nyasini, anakwenda. Nilijua hakuna alichoona. Nilijua pia kwamba anataka nidhani kipo.

"Tutarudi saa ngapi?"

"Tukimaliza."

"Saa ngapi hiyo?"

"Hata hatujafika, unataka kurudi," alisema, akatabasamu, na tabasamu lenyewe likageuka kikohozi.

Kilima kilikuwa upuuzi mtupu. Mawe, miiba, mbuzi wa watu. Mtu mzima mwenye afya angekimaliza kabla chai haijapoa. Baba alifika nusu akaketi juu ya jiwe bapa, mikono imeshika magoti, na kwa muda mrefu nilisikia tu kile kifua kikipiga filimbi. Alipopata pumzi alinionyesha kwa kidevu.

"Kutoka hapa ni hatua kama mia. Ukizunguka lile bega unapanda mawe, halafu uko juu. Utaona ghala limesimama peke yake. Kisiki kiko mkono wa kushoto wa ghala. Uangalie kama kuna kitu kijani. Kama kipo, ukilinganishe na mlango wa ghala. Babu yako akisimama pale, kichwa chake kinafika juu ya mlango kabisa. Uangalie pole pole, mzee. Usikimbilie."

"Na kama umepita mlango?"

Alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Kama umepita, hata nikitambaa nitapanda. Tutashuka upande ule. Leo tutakunywa chai kwa baba yangu."

Aliposema hivyo nilipata jibu la pikapu yangu, na la mechi pia.

Nikaenda. Nikazunguka bega la kilima mpaka mahali asiponiona. Mawe yenyewe yalikuwa pale mbele yangu, hayazidi kimo cha nyumba, yenye mashimo ya kukanyaga kama ngazi. Nikaketi kwenye kivuli cha kichaka. Nilikuwa nimepewa nibebe mandazi mawili ndani ya gazeti, moja langu na moja lake. Nikala langu. Kisha nikala lake. Mbuzi wakapita karibu, wamelowa umande, harufu yao ikabaki, nami nikawatupia changarawe mmoja mmoja, nikingoja muda upite ambao ungemtosha mtu kupanda, kuangalia na kushuka.

Nimejaribu maisha yangu yote kusema niliketi pale kwa hofu. Ni uongo wa mtu anayejipendelea. Hofu ilikuwepo, lakini mtoto mwenye hofu angepanda akachungulia, ili ajue ukubwa wa anachokiogopa. Mimi sikuona haja. Niliona jambo zima ni la kijinga: wazee wawili, kisiki, hatua mbili za udongo mwekundu usioota hata mahindi ya maana. Niliona baba yangu ni mtu ambaye unaweza kumjibu lolote. Nilivunja mwiba kwenye kichaka nikachokoa meno.

Niliporudi alikuwa amesimama. Alikuwa amejipangusa vumbi la suruali na kufunga kifungo cha juu cha shati.

"Umeona ghala?"

"Nimeliona."

"Na kisiki?"

"Kisiki tu. Kimekauka."

"Hakuna chipukizi?"

"Hata moja."

"Uliangalia mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto, Baba. Hakuna kitu."

Alitazama juu, kule kwenye mawe, na nilidhani atapanda mwenyewe. Aliinua mguu kweli. Kisha akaushusha, akageuka, akaanza kuteremka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusimamasimama. Tulipofika chini kabisa, barabara inaonekana, alisema bila kunitazama, "Nilikata chini mno. Mzeituni ukiuachia kisiki kirefu unarudi. Nilitaka gogo refu, nikakata chini mno."

Hayo ndiyo aliyoyasema mpaka Nairobi. Tulifika mechi imekwisha. Fedha walikuwa wamefunga mabao matatu, sisi hakuna, na Odhis akanilaumu mimi.

Baba hakurudi tena kilimani. Jumamosi ya mwezi uliofuata alibaki kitandani mpaka jua likaingia chumbani, na mama alipomuuliza kama haendi, alisema, "Kwenda kuangalia nini?" Mama akanitazama mimi, si kwa shaka, alitaka tu nimsaidie kupata la kusema. Nikatoka nje. Nilikuwa na furaha. Lazima niliandike hilo pia. Niliona nimemaliza kazi ambayo watu wazima walishindwa kuimaliza, na pikapu haikuja, na Jumamosi zangu zilikuwa zangu. Baba yangu alianza kuwa mtu wa kukaa mlangoni akitazama viatu vya wapita njia. Hata hilo nililiona dhaifu.

Mvua mbili zilipita, masika na vuli, mwaka mzima. Halafu jioni moja, wakati wa matangazo ya vifo redioni, tukasikia jina langu. Mutua, mzee wa Ukambani, na baada ya jina lake msomaji akaorodhesha watoto, shangazi Ndinda na ndugu zake, na wa kwanza kabisa, kama inavyotakiwa, akamtaja baba "wa Nairobi". Baba alikuwa ameshika kikombe. Alisikiliza mpaka tangazo likaisha, mpaka lililofuata likaisha, mtu wa Kisii, kisha akaweka kikombe chini polepole kama kitu kinachoweza kuamka.

"Sasa naweza kwenda," alisema.

Mama alitangulia kwa basi la barabara kuu pamoja na akina mama wa kanisa. Baba alikataa njia hiyo. Alisema alikatazwa kuvuka kilima, basi atavuka kilima. Alipumzika mara saba. Nilibeba koti lake, na kwenye yale mawe ya mwisho nilimsukuma kwa bega, na hivyo ndivyo nilivyofika juu ya kile kilima kwa mara yangu ya kwanza, nikimsukuma baba yangu.

Hayakuhitajika macho mapya. Ghala lilikuwa pale, na mkono wa kushoto wa ghala palikuwa na mti. Si chipukizi, mti, mashina manne yametoka kwenye kisiki kimoja, majani ya kijani kibichi upande mmoja na ya fedha upande wa pili, na upepo ulipoyageuza yaling'aa mpaka kule tulikokuwa. Ulikuwa umelipita paa la ghala lenyewe.

Baba alisimama akihema. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, lakini siku hizo yalimtoka kila wakati.

"Umekua haraka," alisema.

Tukashuka.

Walikuwa wamemngoja. Shangazi Ndinda alikuja kutupokea ukingoni mwa shamba, akamshika baba mikono yote miwili, wakalia kidogo kama ndugu wanavyolia, bila kelele. Wanaume wa ukoo walikuwa wameketi karibu na ghala, wakisubiri kaburi limalizike kuchimbwa. Shangazi akamwongoza baba mpaka kwenye nguzo ya ghala iliyo karibu na mti. Nguzo ilikuwa na mikato ya kisu, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi ya mjusi.

"Alikuwa anaupima," alisema shangazi. "Kila mvua ikikatika anakuja na kisu chake, anapima, anakata alama. Huu hapa ulimfika kiunoni. Huu kifuani." Akainua mkono, akasimama kwa vidole vya miguu. "Huu ndio uliompita kichwa. Baada ya huu hakupima tena. Nikamwambia, Baba, sasa si nimwandikie? Akaniambia hapana. Akasema, yule anapanda pale kila mwezi, watu wanamwona. Ana macho. Ataona, atashuka mwenyewe."

Mzee mmoja akakohoa. Wengine wakatazama ardhi.

Baba alikuwa na ujuzi mmoja ambao hata mimi, pamoja na dharau yangu yote, sikuwahi kuucheka. Alijua umri wa mkato. Kisu kikipita kwenye mti, jeraha huwa jeupe, halafu linakuwa rangi ya chai, halafu kahawia, halafu kijivu, na kila rangi ina muda wake. Pale kibandani walimletea magogo ya kubishania, akapitisha kidole gumba, akasema hili la mwaka jana, hili la kabla ya Krismasi, na mwenye gogo akakubali. Sasa akainua mkono akapitisha kidole gumba kwenye mkato ule wa juu kabisa. Akaupitisha tena. Akasogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa nguzo.

"Huu una mvua tatu," alisema taratibu.

"Tatu, ndiyo," alisema shangazi.

Sisi tulikuwa tumekuja mvua mbili zilizopita. Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilisogea kidogo, kisha ikaacha. Akageuka akanitazama, na wanaume wote wa ukoo walionyanyua vichwa wakanitazama pia, bila kujua kwa nini, kwa sababu tu yeye amenitazama.

"Mzee," alisema. "Siku ile, ulifika juu?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijua kusema kweli. Nilikuwa nimefundishwa nyumbani na kanisani. Alikuwa ameniuliza kwa upole, na naamini mpaka leo kwamba kama ningesema la, angenishika kichwa tu, na ingekuwa imekwisha.

"Nilifika, Baba."

Alinitazama muda mrefu kidogo. Kisha akageukia nguzo, akaipiga kwa kiganja kama unavyompiga ng'ombe wa mtu mwingine, na akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Basi ni mimi nimekosea. Macho yangu haya. Huu si wa mvua tatu. Ghala linavuja hapa, maji yameuzeesha mkato kabla ya wakati."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wakamwita baba akatazame kaburi, akaenda, na mimi nikabaki peke yangu pale.

Niliinua macho. Paa lilikuwa limeezekwa kwa nyasi nene, limetokeza nje hatua nzima kupita nguzo. Niliweka mkono kwenye ule mkato wa juu. Ulikuwa na vumbi jembamba na utando wa buibui, na hakuna tone la maji lililokuwa limewahi kufika hapo.